Mwiba wa Nyumbu

Wanyama walipokuwa na zahanati yao, Korongo alikuwa daktari na Chatu alikuwa mnyoosha viungo. Chumba kilikuwa kimoja, na salamu zao zilikuwa tamu kila asubuhi.

Akaja Nyumbu akichechemea. "Daktari, nisaidie upesi. Kundi letu linahama, na anayebaki nyuma huliwa."

Korongo hakuinamisha hata shingo. "Mguu ni kazi ya Chatu, yeye atautazama," akasema, akampa dawa ya maumivu.

Chatu akasema, "Umetoka kwa daktari, basi umeshatazamwa." Akajizungusha kwenye paja la Nyumbu, akalivuta mpaka maskini akalia.

Ikawa hivyo siku baada ya siku, na mguu ukazidi kuvimba. Mwishowe Nyumbu akaanguka mlangoni, miguu juu. Korongo akapigwa na butwaa. Kati ya kwato za mguu ule ulichomoza mwiba wa mgunga, mnene, mweupe.

"Chatu! Hukuutazama mguu huu?"

"Mimi? Si ulimtazama wewe kwanza?"

Korongo akauchomoa kwa mdomo wake mrefu, mara moja tu. Akamgeukia Nyumbu. "Ndugu yangu, mbona hukusema?"

"Nyote wawili mliniambia nimetazamwa, au nitatazamwa. Kumbe mgeni wa nyumba mbili hulala na njaa."

Nyumbu akasimama. Mguu ukakanyaga vizuri.

"Haya, kimbia, wahi kundi lako!" Korongo akamhimiza.

"Lilivuka mto jana, daktari. Huku tumebaki mimi na simba."