Mdomo wa Bi Tatu

Kila mtu aliruhusiwa kubaki na picha moja tu ya uso wake. Kwa picha hiyo milango ya nyumbani na ya zahanati ilimtambua. Nyingine zote zilifutwa popote zilipokuwa. Siku ya mwisho ya kuchagua, Siwema aliketi jikoni na mama yake, Bi Tatu, kompyuta ikiwa mezani.

Picha zilikuwa mbili. Ya kwanza ilipigwa kwenye harusi ya mjukuu, na mdomo wa Bi Tatu ulikuwa umeshuka upande mmoja, kama ulivyokuwa tangu apooze. Ya pili ilikuwa hiyo hiyo, ila Siwema alikuwa ameihariri akaunyoosha mdomo.

"Hii ndiyo mimi," Bi Tatu alisema, akigusa ya pili.

"Mama, mlango hautakujua."

"Wewe si utanijua? Au nawe siku hizi unatumia umeme?"

Siwema alicheka, lakini hakubonyeza.

"Mwanangu, nikishaondoka, wajukuu wataikuta hiyo moja tu. Sitaki wakute maradhi."

Siwema akabonyeza.

Asubuhi yake Bi Tatu alitoka kuanika kanga. Aliporudi, mlango ulikaa kimya. Siwema alikimbilia kumfungulia, akamwona kupitia kioo: mama yake aliinua kidole, akasukuma juu pembe ya mdomo, akatulia hivyo.

"Karibu, Bi Tatu," mlango ukasema.

"Umeona?" Bi Tatu alimwambia binti yake, na hata alipokwisha kuingia hakukishusha kidole.