Kona ya Ubao

"Akiingia tena darasani, mtoe wewe mwenyewe. Kipindi ni chako sasa," mkuu wa shule alikuwa amemwambia.

Mwalimu mpya hakuwa amemaliza hata kujitambulisha mlango ulipofunguliwa. Akaingia Mzee Tarehe, vifungo vya shati vimepishana, yule yule aliyemfundisha historia katika chumba hiki hiki mpaka na yeye akatamani kuifundisha.

"Umechelewa, binti. Kaa chini."

Wanafunzi wakaangua kicheko. "Mwalimu, si umeambiwa ukae?" mmoja akachombeza kutoka nyuma.

Mzee akamtoa chaki mkononi taratibu, kama mtu anayechukua kilicho chake. Zamani alizimwaga tarehe za vita na mikataba bila kufungua kitabu, ndiyo maana wakambandika jina lile.

Akainua mkono hadi kona ya juu ya ubao. Chaki ikagusa, ikaacha nukta moja nyeupe, ikakwama hapo.

Kicheko kikafa. Mkuu wa shule alikwishasimama mlangoni, macho kwa mwalimu mpya.

"Binti," mzee akanong'ona bila kugeuka, "leo tarehe ngapi?"

Mwalimu akamwambia. Akamngoja aiandike yote, kisha akamshika kiwiko.