Hushuka Kipofu

Dakta Mbaruku, mwalimu wa historia ya bahari chuoni, aliwaachia wanafunzi washike vitu vya kale wavigundue wenyewe. "Humu hachekwi mtu," aliwaahidi.

Mwanafunzi mmoja, Mwanajaha, akaligeuza jiwe lililobandikwa "Jiwe la mizani". Kibandiko chake alikiandika Dakta mwenyewe, miaka kumi na miwili nyuma.

"Dakta, hili si la mizani. Lina shimo kitakoni."

"Labda limeliwa na panya, Profesa," Dakta akamkejeli.

Darasa likacheka. Mwanajaha akalijaza shimo samli ya chapati yake, akalifunga kamba, akalishusha kwenye ndoo ya mchanga wa kuzimia moto.

"Kitendawili."

"Tega," wakaitika wenzake.

"Hushuka kipofu, hupanda na habari."

Macho yote yakamgeukia Dakta. Uso ulikuwa umemwiva.

"Nakupa mji," akasema kwa sauti ndogo.

"Mji upi?"

Akaonyesha kiti chake.

"Nimekwenda, nimekaa. Ni bildi, Dakta. Babu yangu alipimia kina cha bahari nayo. Mchanga au tope likinasa kwenye mafuta, alijua chombo kimefika wapi."

Akaivuta kamba. Chini ya bildi mchanga ulikuwa umeganda.

Dakta akaanza kukikwangua kibandiko kwa ukucha. Kikachanika katikati, na nusu ya mwandiko wake ikabaki imeng'ang'ania.