Kiti cha Gencho

Gencho alipiga mbweu ndani ya sikio la Radostina wakati uleule Mbayuwayu, chombo chao cha angani, ilipokuwa inateremka katikati ya dhoruba.

Ulikuwa mbweu mrefu, wa majimaji, na Radostina aliuhisi kama umemwagikia shingoni. Kwenye skrini mawe ya moto yalikipita chombo ubavu kwa ubavu, Kalina, rubani wao, akikipenyeza kati yake kwa ustadi wa kutisha. Ilikuwa saa ya kushika roho mkononi. Radostina alikuwa ameshika tumbo.

"Pilipili za siki hizo," Gencho alisema, akicheka. "Za mama yangu. Dada Radostina, siku ukija kwetu Vidin nakufungashia mtungi mzima."

"Nimekuomba mara ngapi uzime maiki unapokula?"

"Nikizima, mtanisikiaje nikifa?"

Radostina alikuwa fundi wa meno bandia mjini Ruse. Tangu mumewe ahamie kwa mwanamke mwingine, mchana wake wa Jumapili ulikuwa unaishia angani, kwenye mchezo huu wa kompyuta ambao kila anayejiunga hupangiwa chombo pamoja na wenzake wa safari. Yeye alikuwa daktari na mshika mlango. Ognyan alikuwa kapteni, Kalina rubani, Gencho mchimba madini. Hawakuwahi kuonana. Walijuana kwa sauti tu.

Na sauti za Ognyan na Kalina zilikuwa dawa. Siku aliyowaeleza habari za mumewe, Ognyan alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na Jumapili iliyofuata Kalina alimuuliza kama analala vizuri. Hawakuchelewa. Hawakukohoa. Hawakuwa na mtu wa kugonga mlango wala sufuria ya kwenda kuepua.

Gencho je? Gencho alitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda. Alivuta kamasi. Aliingia msalani na hedifoni zake kichwani, maiki wazi. Na siku ileile ya habari za mumewe, yeye alisema, "Mjinga huyo! Na wewe ulimpendea nini?" kisha akapenga kamasi kama tarumbeta.

Mbayuwayu ilitua kwenye mwezi wa sayari ya mbali. Mwezi ule ulikuwa umejaa mapango yenye utando unaonata, na ndani ya mapango mlikuwa na minyoo myeupe minene iliyopasuka ikikanyagwa. Gencho aliingia kuchimba, akiiga kwa mdomo wake mlio wa kila mnyoo uliopasuka. Radostina alisukuma mbali sahani yake ya chakula.

Ghafla ardhi ikapasuka.

"Wote ndani," Ognyan aliamuru, kwa utulivu wake wa siku zote. "Kalina, washa injini."

"Tayari, Kapteni."

"Gencho, uko wapi?" Radostina aliuliza.

"Nakuja! Nisubirini! Mbwa kanimwagia supu ya maharage kwenye kibodi, vidole vinateleza!" Mbwa alibweka. Kiti kilianguka. Kisha ikaja sauti ya kulamba, ndefu, ya kubandika na kubandua. Radostina hakutaka kujua nani analamba, mbwa au mwenyewe.

Kichefuchefu kikampanda hadi kooni.

Aliishika swichi ya mlango. Kwenye mchezo ule anayeachwa hufa, na anayekufa jina lake hufutwa. Wenzake hawampati tena, na yeye hawapati. Moshi ulikuwa unatapakaa chini ya chombo. Mbali kidogo, mtu mdogo mwenye vazi la rangi ya chungwa alikuwa anakimbia akiyumba, akianguka, akiinuka.

"Kapteni, tumsubiri?"

"Uamuzi ni wako, Radostina. Lolote utakaloamua, sisi tuko nawe."

"Tuko nawe," Kalina alisema, kwa upole uleule.

"Nauona mlango, dada!" Gencho alikuwa anahema, mdomo umejaa kitu. "Nauona! Shikilia hapohapo, dada'ngu!"

Akameza. Radostina alikisikia kile kitu kikishuka kooni.

Akabonyeza swichi.

"Acha utani basi," Gencho alisema, akaanza kucheka. "Radostina? Dada, fungua, acha ut..."

Mbayuwayu iliruka. Nyuma yao mwezi ulimeguka kama mkate mkavu, na masikioni mwa Radostina kukawa kimya. Hapakuwa na kutafuna wala kuvuta kamasi. Alipumua kama mtu aliyetoka kuoga.

"Ulifanya lililo bora," Ognyan alisema.

Hata hivyo chombo hakiendi bila mchimbaji. Kabla jua halijazama Radostina alipiga simu kwa wenye mchezo, akaeleza kwamba kuna kiti kitupu na asingependa kupangiwa mtu ovyo ovyo tena.

"Yule alikuwa balaa, binti yangu. Hata mdomo hajui kufumba. Nataka mstaarabu, kama hawa wawili niliobaki nao."

"Ngoja nikiangalie chombo chako, mama." Msichana wa upande wa pili alibofyabofya. "Mbayuwayu. Nimekiona. Unasema kama Ognyan na Kalina?"

"Hao hao. Ukinipatia mwingine kama wao, nitakushukuru."

"Hilo halina shida hata kidogo. Wa aina ya Ognyan na Kalina nakuwekea sasa hivi, mama, maana hao tunawatengeneza wenyewe hapahapa kwenye kompyuta," msichana alisema kwa uchangamfu. "Binadamu ndio wagumu kupatikana. Kwako alikuwepo mmoja tu, na naona jina lake limefutwa leo."