Kigoni na Usingizi wa Malkia

Katika kichuguu kimoja, habari zilisafiri kwa kuguswa. Mchwa wa ukutani akiumia alimgusa mwenzake kwa papasi, vile vipembe vya kichwani, naye akamgusa wa mbele yake, hivyo hivyo mpaka habari ikafika ndani kabisa kwa Malkia, ambaye kwa unene hakuweza hata kujigeuza. Katikati ya njia hiyo alisimama Kigoni, mchwa aliyependa kupendwa.

"Mwanangu," Malkia alimwambia siku moja, "mara mzizi umechoma, mara tone limedondoka. Nimechoka! Nipumzishe."

"Nimesikia, Mama."

Tangu hapo kila uchungu uliishia kwa Kigoni. Malkia akalala vizuri, akamsifu, na Kigoni akatamba njia nzima.

Kisha muhanga, yule mla mchwa, akaanza kuchimba ukuta. Miguso ikaja mfululizo.

"Peleka mbele, Kigoni!" askari wa nyuma yake alifoka. "Mama akijua ataamuru njia izibwe. Au siku hizi na wewe ni ukuta?"

"Mama amelala. Nyie wa nje mmezoea kulialia."

"Tunaliwa!"

"Basi lieni polepole."

Kigoni akageuka, akampapasa wa mbele yake kwa upole: huku shwari.

"Wanangu wana adabu siku hizi," Malkia akasema, akipiga mwayo.

Mara kitu chenye unyevunyevu kikamgusa Malkia ubavuni. Ulikuwa ulimi wa muhanga, na Kigoni alikuwa amenata juu yake.

"Mama," akasema, "kuna habari."