Ndoo ya Mwajabu

Shemeji Shaweji alikuja bwawani kwa Mwajabu na viatu vya harusi, ameziba pua.

“Funza, shemeji! Marehemu kaka yangu alikuachia samaki, wewe umeleta jalala. Tumekubaliana: wakifuata chakula changu, bwawa ni langu.”

Akamwaga unga wa dagaa kiroba kizima mahali pamoja, kama mtu anayefukia shimo. Wote ukazama. Perege hawakujitokeza.

“Au leo wamefunga?” Mwajabu aliuliza.

Akachota ndooni konzi ya funza aliowalea kwa maganda ya ndizi, akarusha. Maji yakachemka kwa samaki, yakamrukia Shaweji mpaka magotini.

Shaweji akainama kupangusa viatu, akinung'unika. Funza mmoja alikuwa akipanda suruali yake taratibu. Mwajabu akamtazama funza, akachota konzi nyingine.