Nukta ya Juu

Nukta moja ilikuwa imekaa juu peke yake tena, na Bi Rula alihisi damu ikimchemka.

Ofisini walimpa jina hilo kwa sababu hakuna mchoro wa pampu za maji uliopita mezani kwake bila kupigwa rula. Sasa alikuwa jikoni kwake, akichora mapigo ya moyo wa mumewe. Tangu moyo ulipomlaza hospitalini, mume alivaa kifaa cha kupima mapigo mkononi, na daktari hakuficha kitu: moyo ukiendelea kushtuka namna hii, hatamaliza mwaka.

Nukta nyingine zilijazana chini, zimetulia. Aliteremsha mstari kutoka ile ya juu hadi kwenye mhimili wa saa. Saa kumi na moja na dakika kumi jioni. Jana vivyo hivyo, na juzi. Saa ambayo yeye ndiyo kwanza anafika kutoka kazini.

"Nani anatoka kwa mlango wa nyuma nikikaribia?" aliuliza.

Mume alisimama haraka, kikombe mkononi. "Hakuna mtu, mama watoto. Nakuwa nimekaa tu."

"Umekaa tu, mapigo mia na thelathini?"

"Labda kifaa kibovu."

"Kifaa hakina sababu ya kunidanganya. Na futa hapo, umemwaga chai."

Akafuta, kisha akafuta tena mahali palipokwisha kukauka.

Wivu ulimkosesha raha siku mbili. Alimpenda mtu huyu miaka ishirini na miwili, na hakuwa tayari kumzika kwa ajili ya mwanamke wa mlango wa nyuma.

Alhamisi aliomba ruhusa kazini, akarudi saa nane na robo bila kumjulisha mtu. Alifungua mlango, akapitiliza hadi uani, akachungulia uvunguni na nyuma ya mapazia. Hakuna mtu. Mume alikuwa wima sebuleni, redio ameshaizima.

Akaketi naye hadi jioni, macho kwenye mlango wa nyuma. Saa kumi na moja na dakika kumi ikapita. Hakuna aliyebisha wala kutoka.

"Umeona? Leo hajathubutu," alisema, akimpigapiga begani.

"Ndiyo," mume aliitikia.

Asubuhi iliyofuata alichora nukta za Alhamisi. Pale pa saa kumi na moja palikuwa patupu, akatabasamu. Kisha akaiona: nukta ile ile, kimo kile kile, imehamia kushoto. Akaweka rula, akateremsha mstari hadi kwenye mhimili.

Ulitua kwenye saa nane na robo.